Hummus bila tahini, na tahini iliyobaki ndani ya blenda: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye mzio wa ufuta

Kinachozungumziwa

Neno hummus kwa Kiarabu ni dengu tu. Kile tunachochovya mkate jina lake kamili ni hummus bi tahina, yaani dengu kwa tahini, na tahini ni ufuta uliokaangwa kidogo kisha ukasagwa mpaka ukatoa mafuta. Mama anayetaka kumpikia hummus mtoto mwenye mzio wa ufuta anaondoa nusu ya jina la chakula, na kwa upande wa mapishi hilo linawezekana bila taabu kubwa. Taabu iko kwenye vyombo, magunia na mikono ambayo chakula kimepitia kabla ya kufika kwenye sahani ya mtoto. Ndipo kisa hiki kilipoharibikia.

Majina, mtaa, kliniki na tarehe vimeondolewa. Dengu zinazotajwa ni zile kubwa nyeupe. Msomaji wa Kenya asizichanganye na ndengu, ambazo Tanzania ni choroko. Dengu ndogo za kahawia za Shinyanga na Simiyu nazo zinafaa, ila ganda lake ni gumu zaidi na rangi ya hummus hutoka nyeusi kidogo.

Usuli

Familia ina asili ya Unguja na inaishi Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako hummus ni chakula cha kila siku. Mtoto ni msichana wa miaka 4, uzito kilo 16, mwenye pumu ya ngozi tangu utotoni. Alipokuwa na miezi 13 alipewa kipande cha mkate wa ufuta. Dakika kumi hazikupita, midomo ikavimba na mwili ukatoka mabaka. Kipimo cha ngozi na cha damu vilionyesha mzio wa ufuta na wa karanga. Mayai, maziwa, ngano na samaki anakula bila tatizo.

Dengu alishazila. Tangu ana miaka 2 amekuwa akila bajia za dengu za mama yake, na hajawahi kupata hata kipele. Taarifa hii ni ya thamani kubwa katika kisa hiki. Dengu na karanga ni jamii moja ya kunde, na ingawa watoto wengi wenye mzio wa karanga hula dengu salama, wapo wasioziweza. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu protini za kunde zinazoleta mzio hustahimili moto. Mtoto mwenye mzio wa karanga ambaye hajawahi kuonja dengu anapaswa kuanzia kwa daktari, si jikoni.

Nyumbani palikuwa na kalamu moja ya adrenalini (sindano ya dharura ya mzio mkali, yenye umbo la kalamu) ya miligramu 0.15. Ilikuwa ikikaa kwenye gari, ili isisahaulike wakitoka.

Sababu ya kutaka hummus ilikuwa ya kawaida na ya haki. Kila Ijumaa ukoo hukutana kwa bibi mzaa baba, sinia zinatandazwa, watoto wote wanachovya mkate, na huyu mmoja anapewa mkate mkavu pembeni. Alikwisha kufikia umri wa kuuliza kwa nini.

Jaribio la kwanza

Mama alinunua kopo la siagi ya alizeti, yaani mbegu za alizeti zilizosagwa kama tahini. Alisoma lebo yote. Ufuta haukutajwa wala hakukuwa na onyo la kwamba huenda umo. Dengu alinunua za kupimiwa sokoni, nusu kilo. Alizichambua, akaziloweka usiku, akazichemsha, akazisaga kwenye blenda ya nyumbani pamoja na vijiko vitatu vikubwa vya siagi ya alizeti, thomu (kitunguu saumu), ndimu, chumvi na bizari ya pilau (uzile, kwa Waunguja).

Blenda aliiosha kwanza, mara mbili, kwa sabuni na maji ya moto. Alikumbuka kwamba wiki tatu nyuma shangazi wa mtoto aliitumia kutengenezea wageni hummus ya tahini.

Mtoto alikula vijiko viwili vikubwa hivi kwa mkate, akafurahi sana.

Dakika arobaini

Dakika ya 12 hivi alianza kujikuna shingo. Dakika ya 15 mabaka yaliyovimba yalikuwa kifuani na mgongoni. Mama alimpa dawa ya kuzuia mzio ya maji, kijiko kimoja cha chai, akakaa kusubiri. Dakika ya 20 mtoto alitapika, kisha akakohoa kikohozi kikavu kisichokatika. Bibi mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka Unguja, alishauri apewe maziwa.

“Mpe maziwa, mwanangu, yatauzima huo ufuta.”

“Mama, ameshatapika, hayatakaa.”

Dakika ya 25 alitapika tena. Waliondoka kwenda hospitali, wakafika dakika ya 40, na hapo ndipo alipochomwa adrenalini kwenye paja. Kikohozi kilipungua ndani ya dakika chache. Aliwekwa chini ya uangalizi kwa saa sita kwa sababu dalili zinaweza kurudi hata baada ya kutulia, na hazikurudi.

Kalamu ilikuwa kwenye gari muda wote, pamoja nao safari nzima. Hawakuitumia kwa sababu mbili walizozieleza baadaye: waliona mabaka na kutapika si “hali mbaya” bila mtoto kukosa pumzi, na waliogopa sindano yenyewe.

Kutafuta chanzo

Viungo vilikuwa saba, ukihesabu mkate, na chombo kimoja. Timu ya kliniki ilivipitia kimoja kimoja.

Thomu, ndimu na chumvi mtoto anazila kila siku kwenye mchuzi. Bizari ilitoka kwenye chupa ileile iliyopikia pilau mwezi mzima, naye alikula pilau hilo. Hata hivyo bizari haikuachwa bila kuangaliwa. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 bidhaa nyingi zenye bizari ya kusaga ziliondolewa madukani Marekani kwa sababu bizari hiyo ilikutwa na protini za karanga, kwa hiyo kiungo cha unga ni mshukiwa halali siku zote. Bizari hii ilikuwa nzima. Ilimwagwa kwenye sahani nyeupe na kuangaliwa chini ya taa. Punje ya bizari ni ndefu yenye mistari, ya ufuta ni bapa yenye umbo la tone. Haukuonekana ufuta hata mmoja.

Mkate ulikuwa chapati ya nyumbani. Ukaondolewa.

Siagi ya alizeti ilikuwa ngeni kwa mtoto, hivyo ikabaki na maswali mawili: je, ana mzio wa alizeti yenyewe, au kopo lina ufuta? Mtengenezaji aliulizwa kwa barua pepe, akajibu kwamba mtambo ule unasaga alizeti na mbegu za maboga tu. Daktari alichoma ngozi ya mtoto kwa siagi kutoka kopo lilelile, haikuvimba. Kisha mtoto aliilamba hapohapo kliniki, akianza na kiasi cha ncha ya kijiko, akaongezewa kila baada ya dakika 20 mpaka kikatimia kijiko kimoja cha chai. Hakupata kitu.

Dengu za kupimiwa zilizobaki zilimwagwa kwenye sinia jeupe. Katika gramu 300 zilipatikana mbegu mbili za ufuta. Muuzaji hutumia kikombe kimoja kuchotea kila gunia, na gunia la ufuta liko hatua moja kutoka lile la dengu. Punje moja ya ufuta ina uzito wa miligramu 3 hivi, na protini ndani yake ni karibu nusu miligramu. Kiasi ambacho wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya) wamekipendekeza kama kigezo cha ufuta kwenye chakula ni miligramu 2 za protini, yaani punje nne hivi. Baada ya dengu kuchambuliwa, kuloweshwa na kuoshwa, punje mbili hazitoshi kueleza kilichotokea, ingawa zinatosha kuzifukuza dengu hizo jikoni.

Ikabaki blenda. Fundi hakuhitajika. Kisu cha blenda hii hufunguka chini ya jagi kwa kuzungusha kinyume cha saa, jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amelifanya tangu inunuliwe. Chini ya kisu kuna pete ya mpira inayozuia maji kuvuja. Ilipobanduliwa kwa ncha ya uma, upande wake wa ndani ulikuwa na utando wa kahawia, mzito, unaonata kama gundi na unaonuka ufuta uliokaa. Ulikuwa umejaa mzunguko mzima.

Tahini ina protini karibu asilimia 17 mpaka 20. Miligramu 2 za protini ni tahini yenye uzito wa miligramu 10 au 12, nusu ya punje ya mchele. Kwenye pete ile kulikuwa na zaidi ya punje kumi za mchele. Kila blenda inapozunguka, mtetemo na joto hulainisha utando huo na kuusukuma juu kidogo kidogo, na maji ya kuoshea yanayozungushwa kutoka juu hayafiki chini ya mpira hata yakiwa ya moto namna gani.

Hakuna kipimo cha maabara kilichofanywa kwenye utando huo. Ushahidi ni wa kuondoa mshukiwa mmoja mmoja. Kwa uzoefu wetu, hivyo ndivyo chanzo kinavyopatikana katika visa vingi vya nyumbani, na kinatosha kufanyia uamuzi.

Maamuzi na sababu zake

*Chombo cha kusagia.* Kubadilisha mpira kulizungumzwa, kukakataliwa. Mpira mpya ungekaa salama mpaka siku shangazi atakapotengeneza tena tahini. Ilinunuliwa mashine ndogo ya kusagia kwa ajili ya mtoto peke yake, ikafungwa utepe wa kijani, pamoja na sponji, mwiko wa plastiki na chujio vyenye utepe uleule. Mwiko wa mti na kinu cha mti alichokuja nacho bibi vilitengwa. Mti una vinyweleo, mafuta ya ufuta na karanga huingia ndani, na kuosha hakuyatoi.

*Kuondoa ufuta nyumbani kabisa?* Mama alitaka. Baba aliona haitekelezeki kwa sababu nyumba inapokea wageni kila wiki. Waliafikiana: tahini, zaatari (majani makavu yaliyochanganywa na ufuta) na halua yenye ufuta vikae kwenye boksi moja lenye kifuniko, rafu ya juu, na chakula cha mtoto kitengenezwe kwanza, kifunikwe na kuingizwa friji kabla boksi hilo halijafunguliwa. Tunaona uamuzi huu ni mzuri kwa nyumba hii. Katika nyumba ambayo watoto wadogo wengine wanapika na kujipakulia wenyewe, tungependekeza ufuta usiingie.

*Dengu.* Za pakiti iliyofungwa kiwandani, au za kopo zenye maji na chumvi tu. Za kupimiwa, hapana tena.

*Majina ya ufuta.* Iliandikwa orodha ikabandikwa kwenye mlango wa friji, kwa sababu maduka ya Muscat yanauza bidhaa za nchi nyingi: ufuta, simsim, tahini, tahina, sesame, til, gingelly. Mafuta ya gingelly kutoka India ni mafuta ya ufuta, na mama alikuwa nayo kabatini bila kujua. Mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani hubaki na protini, kwa hiyo hayana nafuu yoyote.

*Adrenalini.* Kalamu ya garini ilitupwa. Inapaswa kukaa kwenye nyuzi 20 mpaka 25, na gari lililoegeshwa juani Muscat wakati wa kiangazi huzidi nyuzi 50 ndani. Zilichukuliwa mbili mpya: moja jikoni kwenye kabati lisilo karibu na jiko, nyingine kwenye mkoba wa mtoto unaokwenda naye. Friji hapana, nayo huharibu. Kwa familia zilizo mahali kalamu hazipatikani, na Afrika Mashariki ndivyo ilivyo kwa wengi, daktari anaweza kupanga njia ya chupa ya dawa na bomba la sindano. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Lakini lifundishwe ana kwa ana na kuandikwa, lisiachwe kwenye kumbukumbu.

Mapishi yaliyofikiwa

Kabla ya kuyatoa, ni vizuri kujua tahini ilikuwa ikifanya kazi gani. Zaidi ya nusu yake ni mafuta, ndiyo yanayolainisha. Ina uchungu kidogo unaoukata utamu wa dengu. Ikipigwa na maji baridi na ndimu hugeuka nyeupe na nzito, na hiyo ndiyo sura ya hummus nzuri. Mbadala unapaswa kubeba walau kazi mbili kati ya hizo tatu.

Dengu kavu gramu 200 huoshwa mara tatu na kulowekwa kwa saa 12 kwenye lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda. Kwenye joto la Muscat, au la Dar mwezi wa Februari, ziloweke ndani ya friji. Nje zinaanza kuchacha na kutoa povu kabla ya asubuhi. Mwaga maji hayo, osha tena mara tatu kwa kusugua mikononi, kisha chemsha kwenye lita 1.5 ya maji mapya bila soda na bila ndimu. Ndimu na nyanya huzifanya dengu zigome kuiva, na maji ya kisima yenye chokaa hali kadhalika. Dakika 60 mpaka 90 kwa sufuria ya kawaida, 20 mpaka 25 kwa sufuria ya presha. Zimeiva pale moja ikibanwa kwa kidole gumba na cha shahada inapopondeka kama siagi, bila kiini kigumu katikati. Watu wengi huepua mapema. Dengu inayofaa kwa saladi haijafikia kiwango cha hummus, inahitaji dakika 20 zaidi.

Zikiwa bado za moto, zimwagie maji baridi, zisugue taratibu, maganda yataelea, yaondoe. Utabaki na gramu 440 hivi.

Kisha kuna njia mbili.

Ya alizeti: mbegu za alizeti zilizomenywa gramu 100, kutoka pakiti iliyofungwa ya mtengenezaji asiyeshika ufuta wala karanga. Zikaange kikaangoni kwa moto mdogo dakika 8, ukigeuza bila kuacha, mpaka zinukie na kuwa rangi ya dhahabu hafifu. Zikiwa kahawia, uchungu unazidi na mtoto atakataa. Saga. Dakika ya pili zitakuwa kama unga wa chenga. Dakika ya nne au ya tano zitajikusanya bonge na mashine italalamika: zima, kwangua pembeni, ipumzishe dakika mbili, endelea. Dakika ya nane mafuta hutoka na bonge linageuka rojo. Usiongeze maji hapa, litaganda. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti ikiwa limegoma. Toa gramu 60, zilizobaki zikae friji.

Kwenye hizo gramu 60 tia vijiko viwili vikubwa vya ndimu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, punje moja ya thomu iliyopondwa na vijiko vitatu vya maji ya barafu. Piga dakika moja mpaka ipauke. Tia dengu, piga dakika nne mfululizo, ukidondosha maji ya barafu mpaka mwiko ukiinuliwa hummus idondoke polepole. Mwisho mafuta ya zeituni vijiko viwili na robo kijiko cha chai cha bizari.

Ya tui ni wazo la bibi, na ndilo lililopendwa zaidi. Alikuna nazi moja kwa mbuzi, akakamua tui zito la kwanza bila kuongeza maji mengi, akapata mililita 150. Kifumbu chake cha ukili hakikutumika, kwa sababu nyuzi zake haziwezi kuhakikishwa. Lilichujwa kwa chujio la utepe wa kijani. Mililita 120 za tui huchukua nafasi ya alizeti yote, mafuta ya zeituni hupunguzwa kuwa kijiko kimoja, na ndimu huingia mwisho kabisa, dengu zikiwa zimeshapoa, la sivyo tui hukatika na hummus hutoka na chembe. Inakuwa nyeupe, laini, ladha yake ya pwani. Kasoro yake ni friji: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, hivyo kesho yake inakatika kama keki na inabidi itolewe mapema na kupigwa tena. Ni ya kuliwa siku hiyohiyo.

Ya alizeti hukaa friji siku 3 mpaka 4. Igawanye kwenye vibakuli vidogo vyenye vifuniko ili kijiko kilicholiwa kisirudi kwenye chombo kikubwa. Ikikaa nje zaidi ya saa 2 itupwe, na saa 1 ikiwa joto limepita nyuzi 32.

Matokeo, pamoja na vitisho viwili

Ladha ya kwanza ya hummus mpya ilifanyika asubuhi, mtoto akiwa mzima, bila homa wala kikohozi, kalamu ikiwa mezani. Alikula robo ya kijiko cha chai, wakasubiri dakika 30, kisha kijiko kizima.

Kitisho cha kwanza: ngozi kuzunguka mdomo ilikuwa nyekundu ndani ya dakika tano. Hakukuwa na uvimbe, kutapika wala kikohozi, na wekundu ulikaa pale tu hummus ilipogusa, ukaisha baada ya nusu saa. Daktari aliuliza kuhusu chungwa na nyanya, na mama akakumbuka kwamba navyo humfanya hivyo. Asidi ya ndimu ilikuwa ikichoma ngozi yenye pumu. Sasa anapakwa mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla ya kula, na ndimu imepunguzwa kuwa kijiko kimoja. Wekundu wa namna hii usiamuliwe nyumbani mara ya kwanza. Hapa ulikubalika kwa sababu daktari aliusikia na kuulinganisha na historia.

Kitisho cha pili kilitokana na suluhisho la cha kwanza. Hummus yenye ndimu kidogo ililala friji, asubuhi ikawa na rangi ya kijani-kijivu. Mama aliitupa yote akidhani ni ukungu. Wiki iliyofuata ikatokea tena. Alizeti ina asidi ya klorojeniki, ambayo ikikutana na soda hugeuka kijani, na ndimu ndiyo iliyokuwa ikizuia. Siku hizo mbili mama alikuwa ameongeza soda kwenye kuchemshia ili dengu ziive haraka. Rangi hiyo haina madhara, lakini ni dalili kwamba soda imebaki. Alirudi kwenye kuloweka tu na kuosha mara tatu, na rangi ikarudi ya kawaida.

Kwa miezi minane iliyofuata mtoto alikula hummus ya nyumbani takriban mara mbili kwa wiki bila tukio la mzio.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Mama alisoma lebo, alikumbuka blenda ilitumika kwa tahini, akaiosha. Hilo linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu baada ya tukio alijilaumu sana. Alifanya yote ambayo kwa kawaida wazazi huelekezwa, na maelekezo yenyewe ndiyo yalikuwa na pengo: anaambiwa “osha vizuri”, haambiwi “fungua”. Kila anayefundisha wazazi kuhusu mzio amwonyeshe mzazi mpira wa blenda kwa mkono, pamoja na mshono wa kifuniko na shimo la mwiko wa silikoni unaochomoka mpini. Sabuni na maji ya moto huondoa protini pale yanapofika. Dawa ya mikono ya spiriti haiziondoi, hata ikiua vijidudu vyote.

Kosa lenye hatari kubwa kuliko hilo lilikuwa kungoja. Mabaka pamoja na kutapika, baada ya kula kitu kinachoshukiwa, ni viungo viwili vya mwili vilivyoguswa, na hiyo tayari ni anafilaksisi, yaani mzio mkali unaoweza kuua. Dakika ya 20 ndiyo ilikuwa ya adrenalini. Dawa ya maji ya kuzuia mzio hutuliza muwasho, haifungui njia ya hewa wala haipandishi shinikizo la damu, na ubaya wake hapa ni kwamba iliipa familia hisia ya kwamba kuna kitu kimeshafanyika. Mtoto anayechomwa alazwe chali, miguu juu. Akishindwa kupumua aachwe akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa kwenda garini. Huyu alitembea mwenyewe mpaka garini dakika ya 28.

Kopo la alizeti lilisafishwa jina kwa kipimo na kwa kuliwa, ila uchafu wa ufuta kwenye chakula haujisambazi sawasawa, na kijiko kimoja salama hakithibitishi kopo zima. Jibu la mtengenezaji lilikuwa na uzito zaidi hapa kuliko kipimo, na mama huuliza upya kila pakiti ikibadilika sura.

Kuhusu bibi: alikuja akiamini mtoto “atazoea akipewa kidogo kidogo”. Wazo hilo lina chembe ya ukweli, kwani kliniki za mzio zinayo tiba ya kumlisha mtoto dozi ndogo zinazopimwa kwa miligramu, ikiwa na daktari na adrenalini karibu. Nyumbani, kwa kijiko cha kukadiria, ni kumwekea mtoto hatari. Halikutatuliwa kwa mabishano. Daktari alimwomba bibi aje kliniki, akampa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, akamfundisha kuibana pajani na kuhesabu. Bibi ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi kuliko wote, na baada ya siku hiyo ndiye aliyeanza kukagua mkoba kila asubuhi.

Ijumaa bado zina mwanya mmoja ambao haujazibwa sawasawa. Bakuli la mtoto huenda kwa bibi mzaa baba likiwa na kifuniko na chapati zake, na mara moja binamu wa miaka 6 alichovya humo mkate uliokwishapita kwenye hummus ya tahini. Aliyeona ni mama, bakuli likatolewa kabla mtoto hajala. Kwa sasa bakuli linakaa mapajani kwa mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kabla sinia halijatandazwa, na watoto wote wananawa kwa sabuni wakimaliza kula, kabla ya kuanza kucheza naye.